Mwaka Tuliozunguka Ua wa Baltazari

Tumemzika Leokadia wiki hii na nimechoka. Sikuchoka kwa kulia, maana machozi yangu siku hizi ni kama maji ya bomba la Butihinda, leo yapo kesho hayapo. Nimechoka kwa kusimama. Padri alichelewa, udongo ulikuwa mgumu, wapwa zake wakabishana juu ya shimo, na muda wote huo mimi nilisimama palepale kwenye ua wa minyaa unaotenga shamba langu na lake. Kila walipoleta kiti nilikikataa. Watu walisema chinichini kwamba bibi huyu ana kiburi hata matangani. Kiburi ninacho, sikatai. Lakini pale kwenye ua mimi na Leokadia tulikuwa tunasimama, hatukai, na aliyejua sababu ni mjukuu wangu Esperansi peke yake. Alikuwa ng'ambo ya kaburi na wanafunzi wake aliokuja nao kutoka Gitega, kitenge cheusi kiunoni, akaniangalia mimi, akauangalia ua, akainamisha kichwa. Esperansi siku hizi anafundisha katika chuo kikuu kilekile alichosoma. Anafundisha vijana kuchora ramani kwa picha zinazopigwa kutoka angani na kwa simu zinazojua ziko wapi. Huku mlimani wanasema mjukuu wa Mama Deo anafundisha kupima dunia. Mimi nawaacha waseme. Wakisema, mgongo wangu unanyooka kidogo.

Mambo ya ukoo wangu, tulivyokimbilia Tanzania na tulivyorudi, sitayaandika. Kila nyumba hapa Muyinga inayo habari hiyo, na ya mwenzako ikikuchosha, yako pia inamchosha yeye. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule niliokaa Gitega nikilea mtoto wa Esperansi. Nilikuwa tayari mzee, nimeshaacha kutegemea kujifunza kitu kipya zaidi ya majina ya dawa. Mwaka ule ukanikuta hivyo hivyo na magoti yangu.

Ulianza kwa simu. Esperansi alikuwa amejifungua miezi michache nyuma, na baba wa mtoto alikuwa amepotea kama moshi. Akanipigia akiwa analia, mtoto naye analia nyuma yake.

"Bibi, naacha shule."

"Uende wapi?"

"Nirudi nyumbani, nilime."

"Kulima tunalima sisi tusiojua kingine. Baki hapo hapo. Nakuja."

Nikafunga nguo zangu, nikampelekea Leokadia jembe langu na kamba ya mbuzi. Leokadia alikuwa jirani yangu, mjane kama mimi, ila yeye hakuwahi kutoka Burundi hata siku moja. Sisi tuliorudi alituita Watanzania, na mimi hasa aliniita hivyo mpaka amekufa. Akaipokea kamba, akamkagua mbuzi meno kama anayemnunua. "Nenda, Mtanzania," akasema. "Nitamchunga. Lakini akizaa mapacha, mmoja wangu."

Chumba cha Esperansi kilikuwa Magarama, mtaa wa Gitega, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mwislamu, Mama Zaituni, aliyekaanga sambusa na mandazi uani kwake kuanzia alfajiri. Nguo zetu zilinuka mafuta, nywele zilinuka mafuta, hata mtoto, Kaneza, ukimbusu utosini ulipata njaa. Kilikuwa chumba kimoja. Kitanda nyuma ya pazia, mkeka wangu chini ya dirisha, meza moja iliyokuwa ya kulia chakula, kupigia pasi na kusomea. Juu ya meza ile kulikuwa na kompyuta, na kompyuta ile haikuwa ya mtu mmoja. Wanafunzi watano waliichangia, ikizunguka kama ng'ombe wa kuazima, na kwa kuwa Esperansi ndiye mwenye mtoto na hawezi kutembea tembea, Jumamosi ng'ombe alilala kwetu na wenye ng'ombe wakamfuata.

Walijaa mle chumbani mpaka mimi nikahamia mlangoni na kinu changu. Natwanga sombe, majani ya muhogo, wao wanachora. Mwanzoni sikuelewa wanachora nini. Waliweka picha ya mahali, ya kutoka juu, kijani na kahawia tupu, kisha kila mmoja kwa zamu yake akizungushia paa moja moja mstari. Paa, paa, paa. Esperansi ndiye aliyewaonyesha, maana alianza kujifunza mapema kuliko wenzake, na alifundisha huku Kaneza yuko titini. "Usikimbie. Anza pembe, nenda pembe. Hiyo siyo nyumba, hicho ni kivuli cha mwembe. Angalia jua liko upande gani." Walikuja na wengine wasiosoma somo lake, wa udaktari, wa kilimo, hata msichana mmoja wa mambo ya sheria, akawafundisha wote bila kuchoka, na mimi ndani ya moyo nilisema, huyu alitaka kurudi kushika jembe.

Mama Zaituni alikuja kuchungulia na uma wake wa kugeuzia sambusa. "Mi nilizani wanasoma! Kumbe wanachora nyumba za watu. Iko kazi hiyo, kweli?"

"Iko, Mama," akajibu Hamisi. Huyo alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Muyinga mjini, mrefu, mdomo haufungi. "Watu wa chanjo wanajua waende wapi. Watu wa barabara wanajua wapitishe wapi. Nyumba isiyo kwenye ramani, hakuna anayekuja."

"Alors ya kwangu uichore kubwa. Na uandike sambusa."

Wakacheka wote. Hamisi akageuka kwangu. "Bibi, njoo uone. Hapa ni Gitega. Soko lile. Na sisi hapa, chini ya bati hili."

Nikainama. "Mimi nimevaa nini?"

"Picha ni ya zamani, Bibi. Ulikuwa hujaja."

"Basi mnawachungulia watu wa zamani. Mngewaomba ruhusa." Nikarudi kwenye kinu. Nilisema kwa mzaha, na wao walicheka kwa mzaha, hakuna kati yetu aliyelifikiria tena neno lile mpaka tulipolazimika.

Siku nyingine wenzake walipokuwa wamekwisha kuondoka, nilimwambia Esperansi anionyeshe nyumbani. Akatafuta Muyinga, akashuka Butihinda, akatafuta mlima wetu, na nyumba ikatokea. Sikuamini. Bati langu, lile lenye kutu upande mmoja. Kibanda cha mbuzi. Njia ya kwenda kisimani, nyeupe, imekonda kwa miguu yetu. Na katikati, kati ya migomba yangu na migomba ya Leokadia, mstari mweusi mwembamba kama mshono wa nguo. Nikauwekea kidole.

"Huyu ni Baltazari," nikasema.

Baltazari ndiye mume wa Leokadia. Tuliporudi kutoka Tanzania tulimkuta yeye amelima shamba letu miaka yote tuliyokuwa hatupo. Wengine katika hali ile walikwenda mahakamani, wengine walikwenda kwenye mapanga. Baltazari alimwita shefu wa mlima, yaani kiongozi wa kijiji chetu, na majirani, akasema, hatutagombana, tutakata katikati. Tukatembea mpaka wote, yeye na mkewe, mimi na wanangu, akipanda vipande vya minyaa kimoja kimoja nyuma yetu. Kisha tukanywa pombe ya ndizi kutoka chungu kimoja. Huku kwetu ndivyo ilivyo. Mpaka hauzungukwi na mtu mmoja. Unamwita jirani yako, mnaongozana, mnamaliza kwa kinywaji. Ukiuzunguka peke yako, umesema jirani ni mwizi, au wewe mwenyewe unajiandaa kuwa mwizi. Alipokaribia kufa Baltazari aliomba azikwe upande wake, lakini jirani kabisa na ua ule. Leokadia akapanda juu yake mti wa umurinzi, ule wa maua mekundu. Hata mti ule niliuona kwenye picha, kidoti kidogo. Esperansi akasikiliza yote, akasema, "Bibi, mlima wetu ndio nitakaoufanyia memuare," yaani kazi ya mwisho ya shule, ile bila hiyo humalizi. Nikafurahi mpaka nikachoma maharage.

Likizo ilipofika tulirudi Butihinda wote watatu. Na hapo ndipo Esperansi alipokosea, kosa ambalo ni mtoto wa kambi ya wakimbizi tu angelifanya. Amezaliwa Tanzania, mahali ambapo mipaka ilikuwa kamba ya mzungu, inavutwa asubuhi, mchana imehamishwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mpaka hauzungukwi peke yako, mimi nilimsimulia habari ya Baltazari tu nikadhani nimeshamfundisha. Aliamka mapema ili asisumbuliwe na watu, akachukua simu, akazunguka shamba letu lote akiwa peke yake, simu mkononi kama anayebeba yai, simu ikichora nyuma yake alipopita. Alitaka tu kujaribu. Leokadia alikuwa anatoa majivu jikoni. Alimwona.

Mimi sikujua. Nilikwenda kwake asubuhi kuomba kaa la moto kama siku zote.

"Bwakeye, Leokadia."

Hakugeuka. "Kumekucha kwenu, mnaozunguka mashamba ya watu kabla jua halijatoka."

"Nani amezunguka?"

"Muulize msomi wako. Na mbuzi wako mchukue, sichungi mali ya watu wenye mashine."

Nikarudi na mbuzi bila kaa. Nilimwuliza Esperansi, akanionyesha simu kwa furaha, mstari wa buluu umezunguka shamba. Nikakaa chini. Nilimweleza alichofanya, nikaona furaha inamtoka usoni taratibu kama maji kwenye kikapu. Akataka akimbie kwenda kuomba radhi, nikamshika nguo. Nilimfahamu Leokadia. Ukimkimbilia anafunga mlango.

Hakufunga mlango tu, alikwenda kwa shefu. Shefu akaita mkutano chini ya paa la shule, na watu wakaja wengi, kwa sababu neno ardhi huku linaita watu kuliko kengele ya kanisa. Esperansi alileta ramani yake imechapwa kwenye karatasi kubwa. Aliamini kwamba wakiiona wataelewa. Akaeleza vizuri, sauti haikutetemeka, nilimwonea fahari. Kisha Silvesta, mpwa wa Leokadia, akasogea na kuinamia karatasi. Silvesta alifanya kazi ya kujenga Bujumbura, anajua kusoma mchoro. Akaweka kidole.

"Huu mti mwekundu ni umurinzi wa baba mkubwa?"

"Ndiyo," akasema Esperansi.

"Mbona uko ndani ya mstari wenu?"

Nikaona Esperansi anatazama, na anaona kwa mara ya kwanza. Ule mstari wa buluu ulikuja vizuri kutoka barabarani, ukafika penye migomba minene, ukapinda, ukavuka ua, ukamzunguka Baltazari kaburini kwake na kumleta upande wetu. Paa la shule likapaa kwa kelele. Leokadia hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi na mikono juu ya magoti, akinitazama mimi, siyo mtoto.

"Si kweli," Esperansi akasema, "simu imekosea, sikuhamisha kitu, naapa."

Silvesta akacheka kicheko kikavu. "Simu yako ikikosea, inakosea kuelekea kwenu tu?"

Shefu akasema kazi isimame. Hakuna kupima mlima huu mpaka Leokadia mwenyewe akubali. Na mwalimu wa Esperansi kule chuoni alikuwa ameshawaambia wanafunzi wote, ramani waliyoikataa wenye mlima yeye haipokei. Kwa hiyo mwisho wa masomo ya mjukuu wangu ulikuwa kwenye benchi lile, mikono juu ya magoti, ukinitazama.

Tulirudi Gitega hatusemeshani. Chumba kilikuwa kilekile, mafuta yaleyale, lakini Jumamosi kompyuta haikuleta kelele. Esperansi aliangalia ule mstari uliopinda kama mtu anavyoangalia jino lake lililong'oka. Hamisi akaja akaeleza. "Ni migomba, Bibi. Simu inasikiliza vitu vilivyo juu mbinguni kabisa. Majani yakiwa mengi yanaiziba masikio, inabahatisha." Mwalimu wao naye aliwaambia kwamba ukiwa na simu ya kawaida hutembei mbio. Unasimama kwenye kila pembe, unangoja simu itulie, ndipo unaweka alama, na unafanya hivyo zaidi ya mara moja. Esperansi alikuwa anajua. Asubuhi ile alikuwa na haraka tu, ili amalize watu hawajaamka.

Nikapika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, na ugali wa muhogo. Hakula. "Bibi, nitahama mlima," akasema. "Hamisi ana ndugu kule Mwakiro. Huko hanijui mtu. Nitaomba ruhusa kwanza, nitafanya vizuri, nitamaliza."

"Utamaliza wewe," nikamwambia. "Na mimi?"

"Wewe kivipi, Bibi?"

"Wewe ukienda Mwakiro, utapata karatasi yako, utapata kazi, utakaa mjini. Mimi nitarudi kukaa kando ya Leokadia. Nikiugua, ni yeye atakayesikia. Nikifa, ni yeye atakayeniosha. Umemhamisha mume wake kaburini, halafu unataka unikimbie uniachie. Kula ndagala. Tunarudi Butihinda."

Alikula analia. Mama Zaituni alikuwa amesikia yote uani, maana ukuta ule ulikuwa wa jina tu. Kesho yake alituletea mfuko wa sambusa. "Za jirani yenu," akasema. "Mwambie iko nyama kweli, si viazi."

Kwa Leokadia nilikwenda peke yangu, na kidumu cha pombe ya ndizi kichwani na sambusa mkononi. Sikuwa na maneno. Magoti yaliniuma, njia ile niliyoiona nyembamba kwenye picha ilikuwa na matope. Nilimkuta anachambua maharage.

"Weka chini pombe yako," akasema. "Sijasema nakunywa."

Nikaweka. Nikakaa. Akaendelea kutupa mawe.

"Mtanzania. Mume wangu nilimzika wapi?"

"Upande wako."

"Mashine ya mjukuu wako inasema wapi?"

"Inasema uongo."

"Mashine imesoma chuo kikuu inasema uongo, na wewe wa darasa la nne unasema kweli?"

"Ndiyo. Na mwenye mashine ananiambia hivyo hivyo, sasa tuko wawili." Nikamweleza habari ya migomba na masikio ya simu, jinsi nilivyoielewa, na sikuielewa sana. "Alizunguka peke yake kwa sababu hakuna aliyemfundisha. Nimemleta ili azunguke na wewe."

Akaila sambusa moja, akaikagua ndani kama kuna nyama. "Nitazunguka," akasema mwishowe. "Lakini simu nashika mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Shefu alikuja, Silvesta alikuja akiwa amenuna, Hamisi alikuja na kitabu chake, Kaneza alikuwa mgongoni kwangu. Mbele ya wote alitangulia Leokadia, viatu vya kanisani, simu ya Esperansi ameishika kwa mikono miwili. Esperansi alitembea nyuma yake na hakuigusa. Tukafika pembe ya kwanza.

"Hapo, Bibi Leokadia. Simama. Ingoje."

"Inangoja nini?"

"Itulie. Kale kaduara ka kwenye kioo kakiwa kadogo, tutaweka alama."

Leokadia akaitazama. Kaduara kalikuwa kakubwa, kakapungua, kakakua tena. "Kama mtoto kabla ya kulala," akasema. Tukangoja. Wanaume walianza kuzungumza mambo ya mpira, wakaenda kukaa kivulini. Mimi sikuweza kukaa. Mpaka unazungukwa na wawili, na wenye mpaka tulikuwa mimi na yeye. Nikasimama kando yake. Pembe ya pili vivyo hivyo. Pembe ya tatu, chini ya migomba, simu ilikataa kabisa kutulia. Tulisimama pale mpaka miguu yangu ikawa mbao. Kaneza akalala. Leokadia akasema bila kuondoa macho kwenye kioo:

"Mimi nilikataa, unajua."

"Ulikataa nini?"

"Baltazari alipotaka kukata shamba. Nilimwambia usimpe hata mgomba mmoja. Nililima hapa, niliolewa hapa, halafu mnatokea na sufuria zenu za kambini. Nilikuchukia."

"Nilijua."

Akageuka, kaduara kakaruka. "Ulijua? Nani alikwambia?"

"Maharage uliyonipa mwaka ule wa kwanza. Yalikuwa na mawe mengi kuliko maharage."

Mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi yangu, tukacheka hadi Hamisi akapiga kelele kutoka kivulini, "Bibi zangu, msitikise simu!" Tukalazimika kuanza kungoja upya. Nilimchukia Hamisi, miguu yangu ilimchukia, lakini tulingoja.

Mwisho tukafika kwa Baltazari. Umurinzi ulikuwa umetoa maua. Leokadia alisimama kichwani kwa kaburi, akaishusha simu mpaka usawa wa kifua, akangoja. Kaduara kakawa kadogo, Esperansi akasema inatosha. Leokadia akasema haitoshi. Tukangoja zaidi ya pembe zote. Nilitaka kumwambia nimechoka, nikajizuia. Akauliza, "Sasa yuko wapi?"

Esperansi akasogea, akatazama. "Hapa, Bibi Leokadia. Ua huu. Yeye hapa."

"Yuko kwangu?"

"Yuko kwako."

Leokadia akampa Silvesta aone. Silvesta aliangalia muda mrefu akitafuta ubaya, hakuupata. Leokadia akarudisha simu kwa Esperansi, kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudisha mtoto wa mwenzake aliyemlea vizuri. "Haya," akaniambia. "Sasa ile pombe."

Siku Esperansi alipotetea kazi yake mbele ya walimu nilikaa nyuma na Kaneza, sikuelewa nusu ya Kifaransa chao. Lakini nilielewa picha. Aliwaonyesha mistari yote miwili, uliopinda na ulionyooka, na kabla hawajamwuliza aliwaambia mwenyewe, huu ni wa siku niliyozunguka peke yangu. Walimu wakaandika. Hamisi alipiga makofi mapema mno, akatazamwa vibaya. Baada ya hapo wakamwomba awafundishe na wengine, na mpaka leo, nasikia, wanafunzi wake wapya wakishuka milimani hawaruhusiwi kuwasha simu kabla hawajamtafuta jirani. Mimi na Leokadia tulikuwa tunakwenda kila baada ya mavuno kuuangalia ua, kusimama pale kwenye pembe ya tatu, hatuna simu, hatungoji kitu. Yeye alisema anapunga upepo. Pale hakuna upepo.

Na sasa naye amekwenda. Wiki hii walianza kuchimba kando ya Baltazari, wakakuta mwamba. Wakachimba upande mwingine, mwamba. Upande uliobaki ulikuwa wa ua, na ng'ambo ya ua ni mimi. Wapwa wakabishana, Silvesta akisema wampeleke juu karibu na njia, mbali na mumewe. Nikawaambia wakate minyaa na wachimbe huku. Walinitazama kama nimelewa. Wakachimba. Udongo wangu ulikuwa mgumu pia, lakini ulikubali.

Watu walipoanza kuondoka, nilimwita Esperansi na simu yake. Nikamwita na Silvesta. Ameanza kuota mvi, ndiye atakayebaki na shamba. "Shika wewe," nikamwambia. Akaishika. Tukasimama pale juu ya udongo mbichi, mimi na yeye, minyaa iliyokatwa ikitoa maziwa yake meupe miguuni petu. Wanafunzi wa Esperansi walitaka kuongea, akawanyamazisha kwa mkono.

"Inangoja nini, Bibi?" Silvesta akauliza.

"Itulie."

Tukangoja. Hatimaye kaduara kakawa kadogo. Silvesta akakatazama, akanitazama, na nikaona usoni pake ile hofu ya chini ya paa la shule, hofu ileile, ila safari hii imegeuka upande, sasa wao ndio walioingia kwangu.

"Yuko kwako, Bibi," akasema polepole.

"Hapana," nikasema. "Yuko kwake. Esperansi, sogeza mstari."

Akausogeza mbele yetu, kwa kidole, taratibu, pembe mpaka pembe. Silvesta alinishika kiwiko. Nikageuka kwa wale vijana waliokuwa wananibembeleza tangu asubuhi.

"Haya," nikawaambia. "Sasa nileteeni kiti."